Nyumba Iwe Wazi

Siku benki ilipokubali kutupa mkopo wa nyumba, mume wangu Jovitus alirudi kutoka hospitali anakofanya kazi ya uuguzi, akakaa ukingoni mwa kitanda bila kuvua viatu, akaniambia, "Mama Koku, wamekubali. Sasa ndiyo kazi inaanza."

Mimi nilikuwa nadhani kazi imekwisha. Tulikuwa tumezunguka karibu mwaka mzima na barua ya mwajiri na vitambulisho, kwa mthamini na ofisi ya ardhi, kuhakikisha kwamba hati ni ya kweli na nyumba haina kesi. Nilidhani mtu akishakubaliwa anapewa ufunguo. Kumbe kati ya kukubaliwa na ufunguo kuna siku ya kusaini, na siku hiyo haipangwi mpaka kila kitu kiwe kimekaa mahali pake. Kodi ya ardhi iwe imelipwa. Maji yasiwe na deni. Bima iwe imekatwa. Na barua ya benki yenyewe ilikuwa na kikomo chake: mwezi ukiisha hatujasaini, imekufa, tunarudi kwa mthamini tukaanze upya.

Kuanza upya tusingeweza, kwa sababu nyumba isingetungoja.

Nyumba yenyewe iko Pasiansi, juu kwenye mawe. Gari halifiki mlangoni. Unaliacha barabarani, unapanda kwa miguu kwenye kijia kinachopita kati ya mawe mengine makubwa kuliko nyumba, na ukifika juu unageuka unaliona ziwa lote. Kwa sababu ya kijia hicho bei yake iliweza kufikiwa na mshahara wa muuguzi. Mwenye nyumba alikuwa Bibi Ng'washi, mjane wa Kisukuma. Mtoto wake mmoja, Mayala, anafanya biashara Geita, naye alitaka mama auze akakae kwake. Mayala alikuwa ameshapata mtu wa madini mwenye hela mkononi, asiyehitaji benki wala mthamini. Lakini bibi alimwambia, "Nimeshampa neno langu yule binti wa mapazia." Mayala akakubali kungoja mpaka mwisho wa mwezi, si zaidi.

Binti wa mapazia ni mimi. Nilimaliza darasa la saba nikafundishwa cherehani na shangazi yangu, na sasa nashona mapazia Mabatini, kwenye kibaraza cha duka la vitambaa. Bibi Ng'washi alileta kitambaa chake nikamshonea, nikaenda kumtundikia. Nikiwa juu ya stuli, nyundo mkononi, akaniambia piga tu, ukuta ni wangu. Maneno hayo yalinikaa. Pale Mabatini tunapanga vyumba viwili, na nikitaka kupigilia msumari lazima niombe ruhusa kwa mwenye nyumba, naye huuliza msumari wa nini. Nilipoteremka kwenye stuli bibi akasema anafikiria kuuza. Nilirudi nyumbani nikamwambia Jovitus kabla sijatua mkoba.

Basi tukawa tumefika mwisho mwisho. Afisa mikopo aliyetushughulikia aliitwa Dorcas, msichana mwepesi wa maneno lakini mwenye adabu. Tulikaa mbele yake akapitia mambo yote, akafika kwenye la mwisho.

"Imebaki nyumba kuwa wazi," akasema. "Benki haiwezi kulipia nyumba ambayo bado ina mtu. Ikishatokea mtu amelipwa halafu hatoki, mnahangaika nyie, tunahangaika na sisi. Ngoja nimpigie bibi."

Akapiga, akaweka sauti ya nje tusikie wote.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Dorcas, wa benki. Bibi, Jumatano nakuja kuiangalia nyumba mara ya mwisho. Naomba niikute wazi."

"Wazi?"

"Ndiyo, bibi. Wazi kabisa. Nikiikuta wazi, Ijumaa tunasaini."

"Basi usiwe na wasiwasi, mwanangu. Utaikuta wazi tangu asubuhi."

Dorcas akakata simu, akaweka alama yake. "Bibi mzuri huyu," akasema. "Wengine wanatusumbua."

Jumatano tulipanda watatu. Dorcas alivaa viatu vya kisigino, akafika katikati ya kijia akavivua akavishika mkononi. Mimi nilikuwa mbele, na kabla hatujafika nikaona madirisha yote yamefunguliwa na mapazia yangu yanapepea nje. Yalikuwa yamefuliwa. Yalikuwa yamepigwa hata pasi, nikaona mikunjo imesimama. Nikasimama kidogo. Mtu anayehama hafui mapazia akayarudisha dirishani.

Mlango wa mbele ulikuwa wazi, umewekewa jiwe usijifunge. Wa nyuma vilevile. Ungeweza kusimama uani ukaona ziwa upande wa pili, kama vile nyumba ni fremu ya picha. Bibi Ng'washi alisimama hapo katikati kwa kitenge chake cha kanisani. Nyuma yake kila kitu kilikuwa mahali pake: viti na vitambaa vyake vya kufuma, kabati, kitanda kimetandikwa chumbani, na mezani sahani zimefunikwa, harufu ya sato wa kukaanga.

"Karibuni," akasema. "Piteni, hakuna mlango niliofunga. Hata kabati nimelifungua."

Dorcas alisimama kizingitini na viatu vyake mkononi. "Bibi, mbona nyumba haiko wazi?"

Bibi akauangalia mlango. Akageuka akaangalia madirisha, moja moja. "Haiko wazi? Sasa wewe unataka kuingilia wapi, mwanangu?"

Jovitus akakohoa. Mimi niliangalia kandambili zangu.

"Maana yangu isiwe na mtu ndani. Isiwe na vitu."

"Hiyo ni tupu. Wewe ulisema wazi."

"Ndiyo, wazi. Yaani tupu."

"Wazi ni wazi, tupu ni tupu. Kiswahili nimejifunzia ukubwani, lakini hiyo naijua."

Dorcas akacheka, akashindwa kujizuia. Bibi naye akacheka, akamvuta mkono akamketisha. Tukala. Sato alikuwa mtamu, na Dorcas alikula vizuri, lakini alipomaliza kunawa akarudi kwenye kazi yake. Alisema kwa upole. Kesho jioni vyumba viwe vitupu, apigiwe picha aone, la sivyo Ijumaa haitakuwepo, na baada ya Ijumaa mwezi umekwisha.

Bibi alikuwa anakusanya miiba kwenye sahani moja. "Na hela?"

"Hela inaingia baada ya kusaini, bibi. Hati ikishabadilishwa jina. Siku chache tu."

"Kwa hiyo natoka kesho, nasaini keshokutwa, halafu nangoja."

"Ndiyo."

"Nangojea wapi?"

"Si kwa Mayala, bibi?"

"Kwa Mayala nakwenda na changu mkononi," akasema. "Sitaki kuingia nyumba ya mke wa mwanangu halafu kila chumvi niombe. Nikiingia na changu, mimi ni mama mkwe. Nikiingia mikono mitupu, mimi ni mzigo. Nipeni hela leo, natoka leo."

"Benki haifanyi hivyo, bibi."

"Na mimi sifanyi hivyo."

Hakusema kwa hasira. Aliinuka akapeleka miiba kwa paka.

Tuliporudi Mabatini, Jovitus hakukaa. Alizunguka chumbani, nacho chumba chenyewe hakizungukiki. "Amefanya makusudi," akasema. "Mtu mzima yule hajui maana ya nyumba kuwa wazi?"

"Hata mimi nilimwelewa Dorcas kwa sababu tu nilishajua anachotaka," nikamwambia. "Mtu akikuambia mlango uko wazi, anamaanisha nini?"

"Na hilo la hela?"

"Hilo ni makusudi."

Akampigia Mayala. Niliisikia sauti ya Mayala ikitoka simuni, ya mtu mwenye haraka. "Mkimsikiliza mama hamtahama mpaka mwakani. Tafuteni vijana, watoe vitu nje. Vikishakuwa nje, atavifuata. Mkishindwa niambieni, mimi mteja wangu yupo."

Jovitus akakata, akaniangalia. Nilimwona analipima lile neno. Mume wangu si mtu mbaya. Lakini alikuwa amekaa mwaka mzima akiwaza nyumba moja, na usiku huo alikuwa na zamu.

"Nipe asubuhi ya kesho," nikamwambia. "Usitafute vijana mpaka nimerudi."

"Utamwambia nini?"

Sikujua. Nilitaka kwenda kukaa naye tu. Nimeona kwenye kushona kwamba mteja akileta kitambaa akakaa kimya, ukimwacha akae, mwisho atasema dirisha ni la chumba cha nani.

Alhamisi nilimkuta amekaa kizingitini anachambua dagaa. Nikamwamkia. Akanisogezea ungo, nikachambua upande wangu. Ndege ilipita karibu ikienda kutua uwanjani kule chini, tukangoja ngurumo yake iishe.

"Amekutuma mumeo?"

"Hapana, bibi. Yeye alitaka kuleta vijana."

"Watoe vitu nje."

"Mayala alimwambia hivyo."

Mikono yake ikasimama kwenye ungo. Akaniuliza, "Mayala kasema nje?"

Nikaona nimesema kitu ambacho sikupaswa kukisema, lakini kilikuwa kimeshatoka.

"Alikuwa mdogo," akasema. "Hakumbuki. Tulikuwa tumepanga Kirumba. Marehemu alikuwa Ukerewe kwenye kazi. Mwenye nyumba akataka chumba amweke ndugu yake, nami sikuwa na deni hata la mwezi mmoja. Nimetoka sokoni nakuta vitu vyangu vyote viko barabarani. Mayala amekaa juu ya godoro. Nikakaa naye. Unajua watu wakipita wanaangalia nini? Usoni hawakuangalii. Wanaangalia vyombo vyako. Wanaona sufuria limetoboka, wanaona godoro lina madoa. Vitu ambavyo wewe na mumeo tu mnavijua, leo Kirumba nzima inavijua. Marehemu aliporudi nikamwambia, nijengee popote unapotaka, hata juu ya jiwe, lakini chombo changu kisikae nje tena." Akaonyesha kwa kidole mawe yaliyotuzunguka. "Akajenga juu ya jiwe."

Tukachambua. Nilifikiria vitu vyangu mimi pale Mabatini, ndoo iliyofungwa waya, pazia la chumba chetu wenyewe lenye viraka, kwa sababu fundi hana muda wa kujishonea.

"Bibi," nikasema, "njoo ukae kwangu."

"Kwako wapi?"

"Mabatini. Mpaka hela iingie. Usitoke ukaenda nje. Utoke kwako uje kwangu, kama mgeni anavyokuja."

"Una vyumba vingapi?"

"Viwili."

"Kabati langu umeliona?"

"Nimeliona. Litaingia. Vyetu tutavibananisha."

"Mhaya amkaribishe Msukuma," akasema, na jicho lake likaanza kuchangamka. "Si nitalishwa ndizi mpaka nisahau jina langu?"

"Nitakusongea ugali, bibi."

"Ugali wa Kihaya naujua. Unaunywa kwa kikombe."

"Basi utasonga mwenyewe, na michembe yako ya viazi vikavu uje nayo."

"Na hela isipoingia?"

"Utakaa."

"Ukinichoka?"

"Nikikuchoka utakuwa bado uko ndani, na mimi ndiye sina pa kukimbilia."

"Mumeo anasemaje?"

"Bado sijamwambia."

Hapo alicheka kweli, dagaa wakamwagika kwenye kitenge. Akawaokota, akawapuliza vumbi, na alipoinua uso hakuwa anacheka tena. "Nitakuja. Lakini kitu changu kisiguse chini. Kitoke mlangoni kiingie garini, kitoke garini kiingie kwako. Hakuna kutua njiani, hata kidogo. Watu wa hapa wamenijua kama mwenye nyumba miaka yote hii, na wanione hivyo mpaka mwisho."

Nikaangalia kile kijia, na mawe yake, na barabara kule chini. Nikasema sawa.

Nilimpigia Jovitus akiwa ndiyo anatoka zamu. Nikamweleza kwamba bibi anakuja kwetu, na sharti lake. "Vyumba viwili, Paskazia," akasema. Huniita Paskazia akiwa amechoka. Kisha akauliza, "Kabati la kioo lile?" Nikamwambia ndilo. Akaja na kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, akakaacha barabarani akapanda.

Majirani walikuja wenyewe. Walimjua bibi, na walipoelezwa sharti walicheka, halafu wakaona hacheki, wakaacha. Tulijipanga kwenye kijia, kila mmoja na mahali pake, vitu vikaanza kupita mkono kwa mkono: masufuria, viti, godoro, ungo, picha ya marehemu, mfuko wa michembe. Bibi alisimama juu mlangoni na kila kilichopita alikisindikiza kwa macho mpaka garini. Mimi nilisimama penye jiwe lililochongoka, pale njia inapokata kona.

Kitanda kilipita. Kikabaki kile kikubwa, kabati. Upande wa chini alilishika Ngosha, jirani anayeponda kokoto, mwanamume mwenye mabega kama mlango. Upande wa juu Jovitus. Walipofika nusu ya njia Ngosha akasimama, jasho linamtoka.

"Bibi," akaita, "hata maiti huwa tunaitua tukapumzika."

"Maiti haina aibu," bibi akajibu kutoka juu. "Kabati langu linayo."

Watu wakacheka, na katika kucheka huko mguu wa Jovitus ukateleza. Niliona kabati linainama. Angeweza kuliachia likae kwenye jiwe, lisingeharibika, lilikuwa ni jiwe bapa, na mtu yeyote angefanya hivyo. Badala yake akajitupa mgongo kwenye jiwe kubwa, akaingiza paja lake chini ya kabati, akalishikilia hapo. Uso ulimkunjamana. Akakaa hivyo mpaka Ngosha alipopata mshiko mpya. Mimi nikamwangalia mume wangu, mtu aliyekesha na wagonjwa, amebeba kabati la mwanamke mwingine kwenye paja lake ili lisiguse udongo, nikajua kwamba ile habari ya kuleta vijana imemtoka kabisa.

Tulipomaliza nikapanda kupiga picha za Dorcas. Vyumba vilikuwa vitupu mpaka nyayo zangu zilirudisha sauti. Bibi aliingia mara moja, akapitisha mkono kwenye ukuta wa chumba chake, akatoka akafunga mlango mwenyewe, ufunguo akauweka kifuani.

Ijumaa tukakaa ofisini kwa wakili, mjini. Dorcas alikuwepo, na Mayala alikuwa amekuja asubuhi kutoka Geita. Alimwamkia mama yake, na mama akaitikia, wala hakumwambia alichokisikia kwangu. Bibi alisaini polepole, kila herufi akiimaliza kabla ya kuanza nyingine. Jovitus akasaini. Kisha wakili, mzee mwenye miwani, akasogeza karatasi mbele yangu.

"Hii ni ridhaa ya mwenza," akasema. "Nyumba inawekwa rehani benki mpaka mkopo utakapokwisha, na wewe kama mke unaridhia. Saini hapa."

Nikashika kalamu. Neno rehani nilikuwa nimelisikia mwaka mzima, likipita kama majina ya dawa anayoyataja Jovitus. Sasa likasimama mbele yangu.

"Naomba kuuliza," nikasema. "Tukishindwa kulipa, vitu vyetu vitatolewa nje?"

Jovitus akanigeukia. Dorcas akasema, "Mama Koku, tusianze na mambo ya kushindwa."

Wakili akasema, "Kuna taratibu. Kuna notisi kwanza, kuna mazungumzo, kuna muda unatolewa."

"Mjibu mtoto," Bibi Ng'washi akasema.

Wakili akavua miwani. "Mkishindwa kabisa," akasema, "ndiyo. Vitatolewa."

Nikamshukuru. Nilikuwa nataka niambiwe hivyo na mtu mwenye kuandika mambo haya, aniambie usoni. Nilimfikiria Jovitus na mshahara wake, na cherehani yangu, na miaka yote iliyo ndani ya karatasi ile, ikiisha binti yetu Koku atakuwa ameshaolewa pengine. Nilifikiria mawe ya Pasiansi. Kama nisingesaini, tungebaki kwa mtu anayeuliza msumari wa nini, na yeye pia angeweza kututoa, bila notisi wala mazungumzo. Nikasaini. Jina langu lote, la baba pia.

Bibi akatoa ufunguo kifuani, akampa Jovitus kwa mikono miwili.

Sasa tulikuwa na ufunguo na nyumba, na wote tulikuwa Mabatini. Kabati lilikuwa limeziba dirisha, tukawa tunawasha taa mchana. Bibi alilala na Koku, na Koku akaacha kulala na mimi kabisa, kwa sababu bibi alimruhusu kula michembe kitandani. Mwenye nyumba wetu akauliza tumeanza lini kupangisha watu. Asubuhi bibi alifagia hadi kwa jirani, jioni alisonga ugali mgumu wa kusimamisha mwiko, akamwambia Jovitus, "Kula, Baba Koku, uache kuwa mwembamba kama karatasi zako."

Siku chache za Dorcas zikawa nyingi. Hati ilikuwa bado ofisi ya ardhi, mara mtu wa kusaini yuko safari, mara karudi. Jumapili moja tukiwa tunatoka kanisani, Jovitus akaniambia kwa sauti ya chini, "Tuhamie. Nyumba ni yetu, tumeshasaini. Bibi abaki pale chumbani, tutalipia. Kwa nini tunalala kama dagaa kwenye gunia na nyumba iko tupu?"

"Bado hajalipwa."

"Atalipwa. Benki haikimbii."

"Najua atalipwa. Lakini leo tukiingia kwake na yeye hana chochote mkononi, atakuwa ametolewa. Hata kama vitu vyake viko ndani."

Akatembea hatua kadhaa. "Mimi nimebeba kabati lile," akasema.

"Nimekuona."

"Paja bado linaniuma."

"Najua."

Hakurudia tena habari ya kuhamia. Lakini baadaye nilimwona bibi amekaa na uso mwingine, nikaelewa kwamba maneno yetu ya njiani yameshamfikia, au ameyakisia mwenyewe. Jioni hiyo alimwekea Jovitus kipande cha kati cha samaki.

Ujumbe wa benki uliingia mchana mmoja nikiwa kazini kwenye cherehani. Bibi alikuja mpaka kibarazani kwa miguu, simu ameishika mbali na mwili kama kitu cha moto. "Nisomee," akasema. "Macho yangu yanaruka."

Nikamsomea. Akaniambia nisome tena, na jina nilitaje. Nikalitaja.

"Ni yote?"

"Ni yote, bibi."

Akaiweka simu ndani ya ncha ya kanga, akafunga fundo, akakaa kwenye benchi la wateja. Mtu akaja kuuliza bei ya kitambaa, nikamjibu. Akaja mwingine. Bibi alikuwa bado amekaa, mikono mapajani, anaangalia watu wa Mabatini wanavyopita.

"Sasa nimehama," akasema.

Tulirudi naye nyumbani. Jovitus alikuwa ameamka, nikamwambia, akavaa shati papo hapo akatafute gari. Akafika mlangoni akageuka, akakuna kichwa, kwa sababu magari yaliyohitajika yalikuwa mawili, moja la kwenda Geita na moja la kwenda Pasiansi, na hakuna mtu aliyekuwa amefikiria lipi litangulie.

"Tangulieni nyie," bibi akamwambia. Alikuwa ameshaanza kukunja shuka za Koku. "Mimi nitawasindikiza."